Lenzi Yenye Parafujo ya Cherehani Yangu

Sehemu ya saba

Nyinyi mnaonisoma kila Alhamisi mnajua nimepoteza nini. Mume wangu Anaclet, mpiga picha wa mtaa wa Kasuku, alichukuliwa na askari mwaka wa 2002, mwaka ule mji wetu wa Kindu ulipozungukwa, na hakurudi. Nilikimbilia mji mdogo wa Kama na binti yangu Jeanne, msichana mkubwa tayari, nikauza maandazi kwa wachimba dhahabu, nikarudi bila kitu. Kisha Jeanne naye akafa, akaniachia mjukuu mmoja, Falone.

Hayo nimeshayasema. Sitawachosha.

Leo nawaambia jinsi nilivyomkuta msaliti wa mume wangu ndani ya soksi ya mtoto, sokoni, saa nne ya asubuhi.

Mimi ni mwanamke mpole. Ulizeni mtaa mzima. Sijawahi kumpiga mtoto wa mtu, na mbuzi wa jirani akila mboga yangu namrudisha kwao na maji ya kunywa. Lakini kwa miaka ishirini na tatu nimekuwa nikiamka na swali moja: nani alikwenda kwa askari akasema, "Anaclet anapiga picha vijana wa porini"? Maana ni kweli, alikuwa akiwapiga hao wapiganaji wa msituni. Walikuja mmojammoja, kwa siri, wakitaka sura zao zibaki kwa mama zao kabla hawajaenda kufa. Mtu alijua. Mtu alisema.

Huyo mtu nilimtaka. Nilimngojea kama mtu anavyongojea maharagwe magumu yaive, bila kukoleza moto, bila kuondoka jikoni.

Falone ana miaka ishirini na mbili na amerithi kazi ya babu yake bila kumwona. Ana kibanda chake cha picha kwenye njia ya kwenda kanisani. Shida yake ilikuwa lenzi. Ile iliyokuja na kamera inapiga vizuri watu hamsini wa ubatizo, lakini ukiisogeza kwa sura moja, inaharibu.

"Koko, wanawake wananirudishia picha zao," aliniambia mimi bibi yake. "Wanasema nimewaongezea pua."

Tukaenda sokoni kwa Roger, yule anayeuza vitu vilivyokwisha kutumika: simu, redio, saa za watu waliokufa. Roger aliniona nimesimama kwenye jua akanipa kiti chake cha pekee, yeye akabaki wima. Naliandika jambo hilo kwa sababu baada ya hapo moyo wangu haukuwa na nafasi ya kumshukuru mtu.

"Ya picha za sura? Iko moja tu Kindu muzima," Roger alisema. Akavuta soksi ya mtoto, ya bluu, chini ya meza, akaikamua kama anakamua papai, ikatoka lenzi nene, nyeusi, ya zamani.

Falone aliishika kama nilivyomfundisha, na mimi kama Anaclet alivyonifundisha. Akaitikisa karibu na sikio asikie kama ina mchanga. Akazungusha pete. Akawasha tochi ya simu kwa nyuma na kuchungulia ndani, akitafuta kuvu, zile nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, maana hapa karibu na mto Lualaba unyevu unakula kioo kama unavyokula mkate.

"Koko, iko safi. Hata doa hakuna."

Hilo lilinishtua kwanza. Kioo cha zamani hakikai safi Kindu, labda kiwe na mtu anayekaanga mchele mkavu na kukilaza ndani yake. Sijapata kumjua mtu aliyefanya hivyo isipokuwa mmoja.

Nikamwomba anipe. Nikaigeuza nyuma, pale inapoungana na kamera. Kuna pete ya chuma imeshikwa na parafujo nne. Tatu zilikuwa nyeupe, ndogo. Ya nne ilikuwa nyeusi, yenye kichwa kipana.

Ile ya nne niliijua kama ninavyoijua alama ya chanjo iliyo begani mwangu. Iling'olewa kwenye cherehani yangu mwaka wa 1994, siku ambayo parafujo ya Anaclet iliangukia ufa wa sakafu, na bibi arusi anangoja kwenye kiti. Alinisihi. Nilimpa. Aliniahidi nyingine mpya, na mpaka leo bamba la sindano la cherehani yangu lina tundu tupu ninaloliziba na kijiti cha kiberiti.

Sikulia. Nilimuuliza Roger bei.

Akataja bei ya kijinga, ile ambayo muuzaji huitaja ili abishiwe. Nikamwambia Falone alipe.

Roger aliumia. "Mama, hata kubisha kidogo? Watu watasema mimi muizi."

"Basi nipunguzie kwa kitu kingine. Niambie imetoka kwa nani."

Alisitasita. Akasema mwenye mali ni mtu mzima, hapendi maneno. Lakini aliona nimeegemea meza yake, akadhani ni njaa, akaninunulia kikombe cha chai kwa mama aliyekuwa akipita. Nilipokuwa nakunywa akasema taratibu, "Ni Papa Onema, yule anayeuza samaki ya Lokandu. Yeye pia aliniomba nikipata mununuzi nimuulize jina."

Kumbe anaogopa, nikawaza. Anataka kujua imeangukia mikono gani.

"Mwambie imenunuliwa na mtoto anaitwa Falone," nilisema.

Nyumbani nilichomoa kijiti cha kiberiti. Falone alifungua parafujo nyeusi kwa ncha ya kisu, nikaiweka kwenye tundu la cherehani. Iliingia yote, bila kusukumwa, ikakaza.

Falone akanitazama. "Koko, hii ilikuwa ya babu."

"Ilikuwa ya babu yako siku waliyomchukua. Nilirudi toka sokoni nikakuta kopo lake la mchele limemwagwa na mashine ya picha haipo. Nikajua wameondoka na vyote."

"Basi huyu Papa Onema alikuwa pamoja nao?"

"Sasa unaelewa."

Cherehani yenyewe mnajua ilivyopona. Ni jirani yetu Bernadette, nilishamtaja, aliyeificha chini ya kuni zake miaka miwili nilipokuwa Kama. Askari walimpiga kwa sababu ya kuni hizo, wakizitaka, naye hakusema kuna nini chini. Nilipowasili aliifuta vumbi akanipa, na bakuli la wali juu yake. Amekufa mwaka wa pili huu. Mungu amlaze pema. Mimi ni Mwislamu na yeye alikuwa Mkatoliki, lakini namwombea kila Ijumaa.

Sasa sikilizeni nilichokipanga.

Wenye umri wangu wanakumbuka ubao wa studio. Kila mpiga picha alikuwa na ubao nje, amebandika sura nzuri alizozipiga, watu wasimame wazitamani. Na kila studio ilikuwa na koti. Letu lilikuwa la kahawia. Mtu aliingia na shati lililochanika, akavaa koti, akatoka kwenye karatasi kama mkubwa wa ofisi. Nusu ya wanaume wa Kasuku waliopigwa picha miaka ile wamevaa koti lile moja.

Wengine walisahau kulivua. Ndivyo tulivyosema, walisahau. Basi picha ya aliyeondoka na koti ilitundikwa ubaoni kichwa chini. Bila neno la maandishi. Kila mpita njia alielewa: huyu ana kitu cha studio. Hazikupita siku tatu, mama yake au mjomba wake alileta koti limepigwa pasi, mara nyingine na kuku.

Anaclet hakuweza kufanya hivyo. Alikuwa na huruma ya kijinga. Ni mimi niliyetundika, kwa nyundo yangu.

Nilipomsimulia Falone alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe Koko ulikuwa mubaya! Uliwatundika wangapi?"

"Watatu. Mmoja muuguzi. Mmoja mwimbaji wa kwaya. Wa tatu kijana tu, siku za mwisho mwisho. Koti lake halikurudi, vita ililimeza."

"Na sasa Papa Onema atakuwa wa nne."

"Atakuwa wa nne."

Niliuliza habari zake. Nikaambiwa Jumapili atawekewa mikono kuwa shemasi, katika kanisa lililo mwisho wa njia yetu. Waumini wote wangepita mbele ya kibanda cha Falone, na yeye katikati, na suti yake. Nilitaka wamwone kabla hajafika. Sura yake, kubwa kama sinia, kichwa chini. Vijana wasingeelewa. Wazee wangesimama na kuuliza, "Alichukua nini cha studio?" Hapo ningetoka na ile parafujo mkononi, na ningewaambia alichukua nini.

Kumpata haikuwa vigumu. Anaclet alikuwa na desturi: lenzi ikiingia nyumbani, picha ya kwanza ni ya yule aliyeiuza, bure, ili jicho lijue lilikotoka. Falone akampelekea neno kwa mkono wa Roger. Jibu lilirudi siku ileile. Papa Onema anakuja Ijumaa.

Alikubali haraka mno. Ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza, nilikwenda kununua msumari wa inchi nne.

Ijumaa asubuhi nilikaa pembeni mwa kibanda, mimi kizee wa nyumba, nyundo mapajani.

Alikuja peke yake. Mtu mrefu, kama miaka arobaini na kidogo, mabega ya kubeba magunia. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ni saruji tupu. Alimletea Falone samaki wawili wa kukaushwa. Aliponiona nataka kusogeza kiti, alikichukua yeye, akakifuta kwa kitambaa chake, akakiweka pale nilipotaka.

Nilichukia ule wema. Mtu mbaya na awe mbaya, tumalizane.

"Mama, hiyo nyundo ni ya nini?" aliuliza akitabasamu.

"Ya kutundikia picha yako."

"Aksanti, Mama."

Falone aliinama haraka kwenye kamera yake. Alikuwa anauma midomo asicheke.

Mtu yule alizunguka chumba kwa macho. Yakasimama kwenye rafu, kwenye kopo la maziwa lililojaa mchele wa rangi ya kahawia. Akamuuliza Falone ni nani aliyemfundisha kulaza lenzi kwenye mchele uliokaangwa. Falone akasema ni koko wake. Hapo alinigeukia, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko heshima inavyoruhusu.

Kisha akasema angependa kuvaa kwanza, maana amekuja na vazi lake. Alikuwa na mfuko wa plastiki kwapani. Akaufungua, akatoa koti, akalikung'uta, akalivaa.

Lilikuwa la kahawia. Lilimbana mabegani. Mkono wa kushoto, ndani, lilikuwa na kiraka cha kitenge chenye ndege, na kiraka hicho nilikishona mimi.

Jamani, nilisimama na nyundo.

Nilidhani nina mwizi wa lenzi. Sasa nina mwizi wa lenzi na wa koti, amekuja nalo mwenyewe mbele yangu, amelivaa kunicheka. Damu ilinipanda mpaka nikasikia ladha yake.

"Koti hilo umelipata wapi?" nilisema. "Na lenzi ile uliipata kwa askari gani? Walikupa nini kingine, siku uliyomuuza Anaclet?"

Hakushtuka. Alikaa polepole kwenye kiti cha picha.

"Miaka hii yote nangoja muntu aniulize hilo swali," alisema. "Nilipeleka ile lenzi kwa Roger ili swali linifikie. Nilijua atakayeshituka juu ya ile parafujo, ile visi nyeusi, ni muntu wa nyumba ya Papa Anaclet. Waliniambia nyote mulikufa njiani ya Kama. Wewe njo nani, Mama?"

"Mimi ni mke wake. Mwanvua."

Alijifunika uso kwa viganja. Nikangoja. Nilitaka alie, nilitaka aombe. Aliposhusha mikono, macho yalikuwa makavu.

"Sikuiba, Mama. Hivi vifungo, alinifunga Papa Anaclet na mikono yake."

Nilimwambia aseme haraka kabla sijaita watu. Akasema.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivuka mto kutoka Alunguli kwa mtumbwi, akapita kichochoro mpaka studio, maana alikuwa ameingia kwa wale wa porini na alitaka mama yake abaki na sura yake. Anaclet alimvisha koti, akampiga picha moja. Wakati huohuo doria ikaingia njiani. Kijana wa shati la porini angekufa palepale. Anaclet aliing'oa lenzi kwenye mashine, akaitia mfukoni mwa koti, akamfunga vifungo vyote vitatu.

"Aliniambia, 'Tembea polepole. Muntu wa koti hawamuulizi karatasi, watazani uko mwalimu. Hii lenzi wakiiona wataichukua, ifiche ndani ya mchele wa kukaanga. Vita ikiisha uniletee vyote viwili.' Nikatoka. Wakanipita. Mmoja alinisalimia."

Nikamuuliza mbona hakuleta. Akasema amani ilipokuja alikwenda, akakuta watu wengine ndani ya nyumba yetu, wakamwambia hakuna aliyebaki. Na kabla ya hapo alikuwa amefika kwao Alunguli, na aliyoyakuta huko yalimfanya asitake tena kumtafuta mtu wa nyumba ile kwa wema.

Nilisikia neno "kwa wema". Falone pia alilisikia. Alikuwa ameacha kuuma midomo.

Papa Onema akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyofungwa kwa nailoni. Akaifungua juu ya goti lake.

Ilikuwa picha. Kijana mwembamba, koti la kahawia limemlegea, anatazama mbele kama mtu anayehesabu hatua za kufika mlangoni. Nilimjua. Mungu wangu, nilimjua mara moja, na nikajikaza nisitazame mahali pengine popote.

"Askari walikuja kwetu na hii mkononi," alisema. "Wakamuuliza mama, huyu mutoto ni wako? Mimi sikuwepo. Alikuwepo Exaucé, mudogo wangu. Tulifanana. Mama alisema hapana, hapana, si yeye. Wakasema sura njo hii. Wakamuchukua, picha wakaitupa chini. Alikuwa na miaka kumi na sita. Hakurudi, kama Papa Anaclet hakurudi."

Akaniletea picha karibu. Akaweka ncha ya kidole chake cha gumba chini kabisa, kwenye ukingo wa chini, chini ya kifua cha yule kijana.

Palikuwa na tundu la msumari.

"Ona, Mama. Tundu liko chini. Juu hakuna. Mimi ni mutoto wa Kindu, najua picha ya studio inatobolewa chini kwa sababu gani. Muntu alinitundika kichwa chini, mbele ya njia, mimi wa porini, katikati ya mji wa askari. Siku mbili sura yangu ilikaa pale. Mmoja wao akapita, akaijua. Hakuna aliyemuuza Papa Anaclet. Ule ubao njo ulimuuza. Walimchukua kwa sababu ya picha yangu, na Exaucé kwa sababu ya picha yangu."

Wasomaji wangu, nyinyi mlioniandikia barua mkiniombea nimpate msaliti, siku ile ilinirudia yote, moja kwa moja, kama nguo unayoivuta toka majini.

Koti halikuwepo kwenye msumari wake. Anaclet alikuwa amevuka kwenda Alunguli asubuhi, kutafuta unga, alale huko. Picha za jana zilikuwa zimekauka kwenye kamba. Niliwakuta watu wa jana ni wanne tu, na mwenye koti ni mmoja. Sikungoja mume wangu arudi nimuulize. Yeye hakuwa ameniambia, kwa kuwa aliamini mke asiyejua hawezi kupigwa ili aseme. Ndivyo alivyonipenda. Nami nilichukua nyundo.

Aliporudi kesho yake mchana, mimi nilikuwa sokoni kutafuta chumvi. Sikumwona tena. Bernadette aliniambia walivunja ubao kabla ya kumpeleka. Nikadhani waliuvunja kwa ubaya tu.

Miaka ishirini na tatu nimemlaani mtu huyo kila asubuhi baada ya kunawa uso.

"Sasa nisikilize vizuri, Mama Mwanvua," alisema Papa Onema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mara ya kwanza nikaona mikono yake inavyoshika magoti. "Papa Anaclet alinifunga vifungo yeye mwenyewe. Hawezi kunitundika kama muizi. Basi iko muntu mwengine wa ile nyumba, ama wa karibu na ile nyumba. Jumapili nawekewa mikono. Pasteur, mchungaji wetu, ameniuliza kama iko muntu sijamsamehe. Nikamwambia iko mumoja, na sitaki kumsamehe kabla sijamwona. Mama yangu alikufa akimlaani. Nilimwahidi kwenye kitanda chake."

"Ulimwahidi nini?" nilimuuliza.

"Hilo nitamwambia yeye."

Alitazama nyundo mkononi mwangu, na msumari wa inchi nne juu ya meza, kisha akanitazama mimi, kwa heshima kabisa, kama mtu anayemuuliza mfiwa mwenzake katika matanga.

"Wewe ulikuwa ndani. Wewe tu umebaki. Nani alikuwa anatundika?"

Nyuma ya kamera Falone aliinua kichwa. Nilimwona anahesabu. Muuguzi. Mwimbaji wa kwaya. Kijana tu, siku za mwisho mwisho. Alikuwa amecheka mpaka akakaa chini. Sasa mdomo wake ulikuwa wazi kidogo na macho yake yamenishika, yananisihi nisimtazame, kwa sababu nikimtazama, mtu huyu atajua.

Sikumtazama.

Jina lilinijia ulimini lenyewe, bila kuitwa. Lilikuwa jina la mtu aliyekaa ukuta kwa ukuta na studio, aliyekuwa na nyundo kwake, ambaye hana mtoto wala mjukuu hapa Kindu wa kumtetea. Mtu aliyepigwa juu ya kuni zake kwa ajili ya cherehani yangu, na ambaye hawezi tena kukana.

"Kulikuwa na jirani," nilisema. "Aliitwa Bernadette."